Mngurumo uliokuja na pasi ya mama

Baba aliimba besi. Alipofariki tulikuta kanda 23 za rili, zile za utepe uliozungushwa kwenye gurudumu, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, kila boksi likiwa na mwandiko wake ubavuni: wimbo, kanisa, mwaka. Ya zamani kuliko zote imeandikwa 1971. Miaka ile hapa Moshi palikuwa na studio ya Sauti ya Injili, iliyotengeneza vipindi vya Kiswahili kwa ajili ya Radio Voice of the Gospel, ile redio ya Walutheri iliyorusha matangazo kutoka Addis Ababa tangu 1963 hadi serikali ya Ethiopia ilipoitaifisha 1977. Kwa hiyo kwaya za huku zilizoea maikrofoni mapema. Baba hakuwa mtangazaji wala fundi mitambo, alikuwa mwanakwaya mwenye kujuana na watu, na nakala zikawa zinamfikia.

Kumiliki kanda ni jambo moja, kuzisikia ni jingine. Nilitafuta mashine karibu mwaka mzima. Mwisho nikaipata Arusha, maeneo ya Kilombero, nyumbani kwa mtu aliyeiweka juu ya kabati na kuifunika khanga. Kazi ya Waswisi, ya mwishoni mwa miaka ya 1960, kilo 15 hivi. Tulipatana laki 6 na nusu. Niliipakata kwenye Coaster mpaka Moshi, kilomita 80 za kutetea magoti yangu na kubishana na konda aliyetaka nauli ya abiria wa pili.

Nyumbani nilifanya jambo moja la akili kabla ya kuanza ujinga: nilitazama kile kitufe cha kuchagua volti nyuma ya mashine. Kama umenunua kifaa cha aina hii, anza hapo. Kikiwa kimewekwa 110 na wewe ukakichomeka kwenye 230 zetu, hadithi yako itakuwa fupi kuliko yangu.

Chumba changu kina soketi mbili, moja ukuta wa mlangoni, nyingine ukuta unaopakana na chumba cha mama. Mashine nikaichomeka mlangoni, laptopu ukuta wa mama, katikati nikaweka intafesi ndogo ya USB ya kuingizia sauti. Nikabonyeza. Kabla hata kwaya haijavuta pumzi, ukaingia mngurumo mzito, kama lori limeegeshwa chini ya dirisha na dereva kasahau kulizima.

Rafiki yangu anayefundisha kwaya alikuja jioni na kinanda chake kidogo. Akasikiliza, akatafutatafuta kwa kidole, akasema, "Hii ni noti ya G, ila imepanda kidogo." Nilicheka, lakini alikuwa amenipa kipimo bila kujua. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na G ya chini kabisa ya piano kubwa ya vibonye 88 ni 49. Halafu akaongeza kwamba juu yake kuna G nyingine, nyembamba zaidi, inakwaruza. Hiyo ni 100. Kama ningejua maana ya hizo G mbili siku ile, ningeokoa miezi mitano. Ile ya 50 kwa kawaida huingia kutoka nje: kwenye nyaya za ethi, zile za kupeleka ardhini umeme unaovuja, au kwa sumaku ya transfoma iliyo jirani. Ile ya 100 huzaliwa ndani ya mashine, pale umeme unapogeuzwa kuwa wa betri na kapasita za kuchujia zimechoka. Yalikuwa magonjwa mawili, nami nikawa nayatibu kama mmoja.

Kuna jambo nililiona wiki ya kwanza nikalipuuza. Jumamosi jioni mngurumo ulikuwa mkali kuliko siku nyingine. Jumamosi ndiyo siku mama anapiga pasi nguo za kanisani.

Badala ya kufuata pasi, nikafuata umeme wa mtaani. Siku moja ulikatika nikiwa katikati ya kazi. Nikawasha jenereta barazani, nikavuta ekstensheni moja hadi chumbani, mashine na laptopu vyote nikachomeka hapo. Ule mngurumo mzito ukawa haupo. Basi, nikajiona nimegundua siri: umeme wa mtaani ni mchafu, wa jenereta ni msafi! Nikaenda mjini nikanunua stabilaiza kubwa ya laki 2 na 20 ili iusafishe. Nikaiweka chini ya meza. Haikubadilisha kitu. Kumbe jenereta haikuwa na usafi wowote. Kilichobadilika ni kwamba siku ile vifaa vyote viwili vilikula kwenye ekstensheni moja.

Nieleze kidogo hapa, maana ndipo wengi tunapopotelea. Bodi la chuma la mashine limeungwa na ethi ya soketi ya mlangoni. Laptopu, chaja yake ikiwa ya pini tatu, mara nyingi nayo imeungwa na ethi, ila ya soketi ya ukuta mwingine. Ukichomeka waya wa sauti kati yake, ule uzi wa nje unaozunguka waya unaziunganisha ethi mbili, na duara linakamilika. Ethi mbili za nyumba moja haziko sawa kabisa; hupishana kwa kiasi kidogo, na hicho kidogo kinasukuma umeme kupita kwenye uzi wa nje. Na uzi huohuo ndio njia ya kurudia ya muziki wako. Sauti inayotoka kwenye mashine ya kanda ni volti moja au mbili hivi tu, kwa hiyo ukichanganya humo milivolti chache tu za umeme wa ukutani, sikio linazisikia.

Kipimo chake hakina gharama. Chomoa chaja, iache laptopu itumie betri. Mngurumo ukipotea, una duara. Mimi nilikifanya, ukapotea, nikafurahi. Halafu nikafanya kosa ambalo ndilo limenifanya niandike haya.

Betri yangu ilikuwa haimalizi kanda moja. Nikawaza: kama shida ni ethi mbili, basi nitoe moja. Usiku nikafungua plagi ya mashine, nikachomoa ule waya wa kijani na njano, nikauzungushia solotepu, nikafunga. Kimya. G ya chini ikafa. Iliyobaki ile ya 100 nikaiondoa kwa programu ya kompyuta inayokata mlio wa umeme pamoja na vizidisho vyake, yaani milio ya mara mbili yake, mara tatu, na kuendelea. Kwa wiki tatu nilihamisha kanda 11 nikijipongeza.

Jumapili moja nilikuwa nabadilisha nyaya. Mkono wa kushoto nimeushika ubavu wa mashine, wa kulia nachomoa jeki ya sauti, vidole juu ya ganda lake la chuma. Ile jeki ilipotoka tu, nikapigwa. Halikuwa lile ticktick unalolisikia kwenye friji bovu. Lilipita mkono hadi mkono, kifua kikajikaza, na nilipopata fahamu ya kuelewa nilikuwa nimekaa sakafuni, boksi la kanda limenipindukia. Mama akauliza kutoka chumbani, "Nini kimeanguka?" Nikasema kiti.

Na kwa kiherehere changu, nilipoacha kutetemeka nikairudisha jeki ileile bila kuzima chochote. Intafesi ikafa hapohapo. Jeki za sauti za aina hii, ziitwazo RCA, zina tabia mbaya: pini ya katikati inagusa kabla ya ganda la nje. Kwa hiyo umeme wote uliokuwa umekaa kwenye bodi la mashine ulipita kwenye njia ya muziki. Laki 1 na 80 ikaenda.

Asubuhi nikaenda Majengo kwa mzee mmoja aliyekula ujana wake kwenye redio za transista. Nikamwamkia, nikaeleza. Hakuuliza habari za mngurumo. Aliuliza, "Ethi umeitoa, eh?"

"Nimeitoa, mzee."

"Nani kakufundisha?"

"Mwenyewe."

Akachukua mita yake na begi, akafunga kibanda. Njiani aliniambia nisije tena nikamsimulia mtu kwamba nilikuwa salama wiki tatu. Ethi ya mashine sikuwa nimeiondoa, nilikuwa nimeihamishia kwenye uzi wa waya wa sauti, uliokuwa unapeleka umeme unaovuja hadi laptopu na kushuka kwenye ethi ya chaja. Siku nilipochomoa ule uzi, njia iliyobaki ilikuwa mimi.

Alipofika alipima kati ya bodi la mashine na ethi ya soketi: volti 163. Akaifungua. Pale umeme unapoingia palikuwa na kapasita ya karatasi, ganda lake la rangi ya asali limepasuka nyufa nyembamba kama matope yaliyokauka mbugani. Hizi za zamani zikipasuka hunywa unyevu, zinaanza kuvuja, na mwisho hutoa moshi unaonuka hadi kwa jirani. Ilikuwa kati ya waya wa moto na bodi. Alisisitiza kitu ambacho nakirudia kwako: ya kubadilisha hapo lazima iwe ile iliyoandikwa Y2, iliyotengenezwa isije ikageuka waya. Usiweke kapasita yoyote unayoikuta dukani kwa kuwa namba zinafanana.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akarudisha ethi ya plagi, na kwa kuwa intafesi ilikuwa imekufa akachomeka waya wa sauti moja kwa moja kwenye laptopu, akawasha, mngurumo ukarudi, akaketi kuusikiliza kana kwamba ni mgeni anayemfahamu. Nikamtajia pasi ya mama, kwa aibu kidogo. Akanitazama. "Hilo ndilo ungeanza nalo."

Tukamwomba mama awashe pasi. Mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye ethi ya soketi ya mlangoni na nyingine, kwa waya mrefu, kwenye ethi ya ukuta wa mama. Pasi imezimwa: volti 0.1. Pasi imewaka: 1.6. Ikijikata kwa joto, 0.1. Ikiwaka tena, 1.6. Nilikaa pale natazama namba zikipanda na kushuka na taa nyekundu ya pasi, na hedifoni shingoni mngurumo ukipanda na kushuka nao.

Kisha akapima soketi ya ukuta wa mama peke yake, nyutro (waya wa kurudishia umeme) na ethi, pasi ikiwa inawaka. Sifuri. Sifuri kabisa. Mimi nikaona ni vizuri. Yeye akatikisa kichwa. Soketi nzima iliyobebeshwa mzigo lazima ionyeshe kitu kidogo kati ya hivyo viwili, kwa sababu nyutro inabeba umeme na ethi haibebi. Ikiwa sifuri, kuna mtu kaviunganisha.

Hakuifungua siku ile, giza lilikuwa limeingia. Alinituma ninunue ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Elfu 75. Kesho yake akaifunga kwenye meini, tukawasha nyumba, ikakaa. Mama akachomeka pasi, ikadondoka. Tukaipandisha, pasi, ikadondoka. Nikasema nimeuziwa mbovu, nikaanza kutafuta risiti. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akachukua bisibisi, akaenda moja kwa moja kwenye soketi ya laptopu yangu, akaitoa ukutani.

Nyuma yake palikuwa na kipande cha waya mweusi, hakizidi urefu wa kidole changu cha mwisho, kimeruka kutoka pini ya nyutro hadi pini ya ethi. Upande ule wa nyumba uliongezwa baadaye, na aliyevuta nyaya hakupeleka waya wa ethi kabisa. Akaona afadhali aviunganishe, soketi ionekane ina pini tatu zinazofanya kazi. Kwa hiyo umeme wa pasi uliokuwa unarudi kwenye nyutro ulikuwa na njia ya pili: kwenye chaja yangu, kwenye laptopu, kwenye uzi wa waya wa sauti, kwenye mashine ya baba. Nilikuwa narekodi pasi ya mama.

Mngurumo ulikuwa jambo dogo. Mzee alieleza kwamba nyutro ile ingelegea mahali popote kabla ya soketi, kila chuma kilichochomekwa pale kingepata volti 230: jiko la umeme, birika, laptopu. Niliwaza mama anavyopiga pasi akiwa peku kwenye sakafu ya saruji, nikakosa la kusema. Tesita ya bisibisi, ile inayowaka taa, isingetuonyesha haya hata siku moja. Inakuambia waya wa moto uko wapi, basi.

Kazi iliyofuata haikuwa na maajabu. Kipande cha waya kikatoka. Tukavuta ethi mpya mita 14 hadi kwenye meini. Tulipofuata waya wa zamani kwenda ardhini, nyuma ya bafu, tukakuta kibanio kimeliwa na kutu, waya umeegemea tu fimbo. Ulikuwa Februari, udongo umekauka unapasuka. Tukapigilia fimbo mpya mahali maji ya kuogea yanapopita, ambapo hapakauki. Fimbo na kibanio elfu 38, waya elfu 30, ufundi elfu 60, na mzee alikataa kuongezwa. Kama hujui umeme, hapa ndipo pa kumlipa anayejua. Mita mimi niliinunua ya elfu 35 na naitumia, ila kwenye meini sigusi.

Baada ya hapo mashine, laptopu na intafesi mpya vikahamia ekstensheni moja, ukuta mmoja. Kama ningefanya hilo siku ya kwanza mngurumo ungepungua sana, nami nisingeijua hatari iliyokuwa ukutani. Sijui nilishukuru au nililaumu. Kilichobaki cha duara nilikikata upande wa sauti. Niliagiza Dar es Salaam transfoma mbili ndogo za sauti za uwiano wa 1:1, zisizokuza wala kupunguza sauti, elfu 85, zikaja kwa basi. Muziki unavuka humo kwa sumaku, uzi wa nje haugusani, na ethi zote za plagi zimebaki mahali pake. Laiti ningejua kuna kitu kama hicho kabla ya kushika solotepu.

Ile ya 100 ikatoka mzee alipobadilisha kapasita za kuchujia. Nilimwomba tubadilishe kila kitu kwa mkupuo. Akakataa: kimoja, sikiliza, andika, kingine. Nina daftari. Ukurasa mzima umeandikwa "hakuna tofauti".

Bado kulikuwa na 50 nyembamba, upande wa kushoto tu. Siku mbili nzima tulihangaika na nyaya, tukalehemu upya jeki, wapi. Mwisho nikapiga magoti kutafuta kifuniko cha kalamu chini ya meza, mkono ukagusa stabilaiza. Ilikuwa ya moto, inatetema, iko sentimita 30 chini ya kichwa cha kusomea kanda. Laki 2 na 20 zangu! Transfoma yake ilikuwa inarusha sumaku moja kwa moja kwenye kichwa, na hapo ethi haisaidii kitu, dawa ni umbali. Nikaisogeza hadi mlangoni. Kimya.

Kisha nikalazimika kurudi kwenye zile kanda 11. Nilimchezea rafiki yangu wa kwaya nakala ya kwanza, ile niliyoisafisha kwa programu. Hakumaliza ubeti. "Besi wako wapi?" G ya waimbaji wa besi ni 98. Programu ilikuwa inakata 100 na majirani zake. Kila baba aliposhuka kwenye ile noti, nilikuwa nimemfuta. Kama lazima utumie programu hizo, hifadhi kwanza nakala mbichi yenye mngurumo wake wote. Mimi nilizifuta mbichi ili kupata nafasi.

Kanda 10 zilicheza mara ya pili bila shida. Ile ya 1971 ilikatika katikati ya wimbo wa tatu, ilikuwa imekauka kama jani la mgomba. Niliiunganisha kwa utepe wake maalumu, si solotepu, na nikapoteza kama nusu sekunde. Inasikika. Neno "mlimani" limebaki "mli-ni".

Nilikuwa naihamisha hiyo Jumamosi jioni, nimekaa na hedifoni, mlango wazi. Kabla ya wimbo mtu anakohoa, kiti kinaburutwa, mwalimu anatoa sauti, na besi wanaishika chini kabisa. Mama alikuwa chumbani kwake. Pasi ikanyamaza kugonga ubao. Akatokea mlangoni na shati mkononi.

"Niizime?"

"Wewe piga tu, mama."

Akasimama kidogo. Nikamvalisha hedifoni, nikarudisha kanda nyuma.